Shotigani ya pampu inakwama kukoki: imechoka, au inachoshwa?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni supavaiza wa walinzi hapa Tanga. Tuna shotigani mbili za pampu, geji 12, zilinunuliwa pamoja, aina moja. Moja ipo lindo la Raskazone karibu kabisa na bahari, nyingine ipo stoo ya mkonge njia ya Muheza. Hazijapiga risasi nyingi, labda mia mbili kila moja, zote za mazoezi. Ya Raskazone tukienda shabaha ganda linabaki ndani, mara nyingine risasi mbili zinatoka kwa pamoja zinabanana. Ya Muheza haina shida. Raskazone kila shifti asubuhi na jioni wanatoa risasi zote tano kwa kukoki, wanahesabu, wanarudisha. Muheza walinzi ni wakazi wa hukohuko, wanakabidhiana ilivyo, risasi zinatolewa Jumamosi tu kwenye ukaguzi. Bosi anasema ya Raskazone imekufa tununue mpya. Hizi bunduki zinadumu risasi ngapi? Kipi kinakufa kwanza? Na kulaza risasi kwenye magazini kunaua springi?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mwambie bosi asinunue kitu bado, pesa ya bunduki mpya sio ndogo na hiyo mpya ukiipeleka Raskazone ukaitunza hivohivo itakuja kuumwa ugonjwa uleule, tena sio mbali. Swali lako limebeba jibu ndani yake ila umelipitia harakaharaka: bunduki pacha, moja inaumwa moja nzima, na tofauti zao ni mbili tu, bahari na jinsi wanavokabidhiana. Risasi zilizopigwa ni sawasawa. Kwa hiyo kufyatua sio kilichoimaliza.

Tuanze na kudumu maana ndo swali ulilouliza kwanza. Shotigani ya pampu iliyotengenezwa vizuri ni kitu kigumu sana. Remington 870 ipo sokoni tangu mwaka 1950 na zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 10, Mossberg 500 ilikuja miaka ya 60 mwanzoni, na za zamani za hizo familia mbili bado zinafanya kazi mpaka leo. Jeshi la Marekani lenyewe kwenye kipimo chao cha shotigani za pampu waliweka kwamba bunduki ipige risasi 3,000 za bakshoti nzito, zile za gololi kubwa, na kasoro zisizidi chache za kuhesabu kwa vidole, na zipo zilizopita hapo. Risasi 3,000 nzito, bega la mtu litaomba radhi kabla ya bunduki. Mtutu na bodi, yaani lile boksi la chuma la katikati, kwa matumizi ya ulinzi hamtayamaliza nyinyi wala watakaokuja baada yenu, isipokuwa kwa kutu au kwa mtu kufanya ujinga wa kuziba mtutu.

Sasa shika kalamu tupige hesabu. Risasi tano, asubuhi na jioni, hizo ni koki kumi kwa siku za kutoa peke yake. Zidisha kwa siku 365, unapata 3,650 kwa mwaka. Umeona? Bunduki yako ya Raskazone kila mwaka inakokiwa na risasi ndani mara nyingi kuliko kile kipimo cha jeshi, na haijapiga hata moja. Alafu risasi zenyewe, kama ni zilezile tano hamzibadilishi, kila moja inaingia na kutoka chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, mara 730 kwa mwaka. Ya Muheza kwa hesabu hiyohiyo, mara moja kwa wiki, ni koki 260. Kwa hiyo hizi bunduki sio pacha tena, ya Raskazone ni mzee ya mwenzake kwa mara kumi na nne hivi, na juu yake ongeza chumvi.

Nieleze kidogo ndani kunatokea nini maana ukielewa hapa utajua kipi kinakufa na kwa nini, na walinzi wako ukiwaeleza watakuelewa vizuri zaidi kuliko ukiwapa amri tu. Ukivuta mpini wa mbele kurudi nyuma, zile fito mbili zinavuta boliti, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya chemba, kifungio kinashuka kutoka kwenye tundu lake juu ya mtutu, boliti inafunguka. Kwenye uso wa boliti kuna kulabu ndogo imeshika mdomo wa kitako cha risasi, ule ukingo wa chuma, inaivuta risasi au ganda kutoka chemba. Likifika nyuma linagonga kipande kingine kilichopo ukutani mwa bodi, ndo kirusha ganda, linaruka nje. Mwisho kabisa wa kuvuta, nasema mwisho kabisa, ndo kizuizi cha risasi kinaachia risasi moja kutoka kwenye bomba la magazini inarudi nyuma juu ya kisahani, na kizuizi cha pili kinashika ya nyuma yake isifuate. Ukisukuma mbele kisahani kinanyanyuka, boliti inaiingiza risasi chemba, na ile kulabu inalazimika kutanuka iruke ukingo wa risasi ndo iushike. Kila koki kulabu inaruka hivo. Kifungio kinapanda, bunduki imefunga.

Umeona vipande vinavyofanya kazi hapo: kulabu na kispringi chake, kirusha ganda, vizuizi viwili, springi ya magazini. Hivyo ndo vinakufa kwanza. Ni vitu vidogo, vya bei ndogo ukilinganisha na bunduki, na vyote vina spea. Baada ya hapo ndo inakuja springi ya pini ya kugonga, kitufe cha sefti kwa bunduki ambazo wameweka cha plastiki, na mpira wa kitako ambao kwa joto letu hili unakauka unapasuka hata kama bunduki haijaguswa.

Hukuniambia ni ya kampuni gani kwa hiyo nitataja zile familia mbili kubwa, maana nyingi za Uturuki na China zimefuata moja kati ya hizo. Familia ya 870 bodi yake ni chuma tupu, kulabu ni moja, vile vizuizi vya risasi vimegongewa kwenye ukuta wa bodi kwa ncha ya chuma, na kirusha ganda kimepigwa ribiti. Imara sana, ila kizuizi kikilegea pale kilipogongewa ni kazi ya fundi mwenye vifaa, sio ya mezani. Familia ya Mossberg 500 bodi ni aluminiamu na watu wengi wanaidharau kwa hilo, bila sababu, kwa kuwa kifungio chake kinafunga kwenye chuma cha mtutu moja kwa moja, ile nguvu ya mlipuko haiegemei bodi. Kulabu ni mbili, vizuizi vinatoka vyenyewe ukishatoa kisanduku cha triga, kirusha ganda kimeshikwa na skrubu. Kwa mtu anayetaka kubadilisha spea bila kuhangaika hii ni nyepesi. Tatizo lake hapa kwetu pwani ni skrubu za chuma ndani ya aluminiamu, chumvi ikiingia kati zinashikana mpaka unakata kichwa cha skrubu ukijaribu kufungua, kwa hiyo hizo ziwe na tone la oili wakati zote bado zinafunguka. Na ile kuchezacheza ya mpini wa mbele kwenye Mossberg isikutishe, ndivyo ilivyo tangu kiwandani.

Turudi kwa mgonjwa. Una dalili mbili na kila moja ina chanzo chake, usizichanganye.

Ganda kubaki ndani. Hapa nina washukiwa wanne na nawapanga kwa jinsi ninavyowakuta mara nyingi kwa bunduki za walinzi wa pwani. Wa kwanza ni mkono. Mlinzi anakoki taratibu, kwa heshima, anaogopa kuharibu mali ya kampuni, anavuta robo tatu anasukuma. Pampu haitaki hivo. Vuta mpaka igonge nyuma, sukuma mpaka igonge mbele, kwa nguvu, bila kusita katikati. Imetengenezwa kupigwa hivo na haiharibiki. Ukivuta nusu ganda halijafika kwa kirusha, unalirudisha mwenyewe ndani alafu unasema bunduki imejamu. Angalia pia mlinzi mwenye mikono mifupi na bunduki yenye kitako kirefu, huyo hawezi kufika mwisho wa kuvuta hata akitaka, sio kosa lake, mbadilishieni kitako. Na kwa kuwa Muheza mkono unaweza kuwa wa watu wengine, siku ya shabaha mpe mlinzi wa Muheza apige na ya Raskazone uone.

Wa pili ni risasi zenyewe. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu, igusishe kwenye kitako cha risasi, ile sehemu ya chuma ya njano. Ikishika ujue sio shaba, ni chuma kimepakwa rangi ya shaba. Risasi za hivo ni nyingi siku hizi kwa sababu ni rahisi, na hazina ubaya zikiwa mpya na chemba ikiwa safi, ila chuma kikitanuka kwa mlipuko hakirudi vizuri kama shaba, kinabana chemba. Sasa weka na kutu ya Raskazone juu ya hicho chuma. Tena hizo tano zenu zilizoingia na kutoka mara mia saba na kitu, ziangalie ukingo, utakuta umeliwaliwa na kulabu, umepinda, na pale mbele ilipokunjwa nyota pameanza kufunguka au kubonyea. Risasi ya namna hiyo hata ikiwaka, kulabu haina cha kushika. Hizo zitoeni kazini leo, pelekeni shabaha zikapigwe kwa uangalizi zile zilizo nzima, zilizopinda au kufumuka au zenye kutu zisiingizwe kwenye bunduki kabisa, zirudisheni kwa utaratibu wenu wa silaha.

Wa tatu, na kwa Raskazone huyu namtilia mashaka sana, ni chemba. Watu wanasafisha mtutu unang'aa, wanachungulia wanafurahi, chemba hawaigusi maana iko ndani huku nyuma. Upepo wa kaskazi ukileta unyevu wa bahari usiku kucha, chemba inapata vidoti vya kutu vidogo huvioni kwa macho. Ganda la plastiki likipigwa linatanuka linaingia kwenye vile vidoti, kulabu inavuta, ukingo unateleza, ganda limebaki. Dawa yake: hakikisha bunduki haina risasi, chemba na bomba, angalia kwa macho na utie kidole. Fungua kofia ya mbele ya magazini, au skrubu inayoshika mtutu kama yako ni ya hivo, toa mtutu. Chukua brashi kuukuu ya geji 12, izungushie stilwaya laini ile ya namba 0000 wanayouza maduka ya vanishi za fanicha, sio ya kusugulia masufuria, na msasa usiuguse kabisa. Tia oili, funga brashi kwenye drili, zungusha taratibu ndani ya chemba ukienda mbele na nyuma dakika moja, futa, angalia na tochi. Lengo ni kulainisha, sio kupanua. Ukiona mashimo ya kutu ambayo ukucha unayahisi, acha, hapo ni mtutu mwingine au fundi mwenye vifaa vya kupima, usiendelee kukwangua mpaka chemba iwe pana, ganda litapasuka.

Wa nne ndo kulabu na springi yake. Kwa koki 3,650 kwa mwaka haitashangaza ikiwa imechoka. Ukiwa umeshatoa boliti, sukuma kulabu kwa kidole, irudi kwa nguvu na haraka. Ikirudi kivivu kwanza isafishe, chini yake huwa panajaa uchafu wa baruti na vumbi na oili iliyoganda, wakati mwingine hilo tu linatosha. Kama ncha imelika imekuwa mviringo, badilisha kulabu na springi kwa pamoja. Usibadilishe kimoja ukaacha kingine.

Dalili ya pili, risasi mbili kutoka pamoja. Hii ni ya vizuizi, karibu kila mara. Ama kimelegea, ama kimelika ncha, ama kuna uchafu nyuma yake hakitoki sawasawa. Na hapa bahari na kukoki vinasaidiana kuua. Geuza bunduki tupu, bonyeza kila kizuizi kwa kidole uone kinarudi. Kama ni familia ya Mossberg nunua vyote viwili ubadilishe. Kama ni ya 870 na kinacheza pale kilipogongewa, mpelekee fundi. Na fundi ninaemsema ni wa silaha, mwenye leseni. Bunduki yako imeandikwa kwa namba yake kwenye kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, haitembei mtaani kwenye gereji ya welding. Nimeshaona bodi imepigwa moto wa welding na fundi wa mageti, ile bunduki ikawa haifai tena hata kwa mapambo.

Ikitokea risasi mbili zimebanana, mlinzi asianze kuvutavuta kwa hasira. Mtutu uelekee sehemu salama, kidole nje ya triga, sefti, avute mpini nyuma aushikilie, arudishe kwa kidole ile risasi ya pili iliyofuata ndani ya bomba, atoe ya kwanza kwa mkono. Wafundishwe hili kwa risasi bandia, zile za plastiki za rangi, kabla halijatokea saa nane usiku.

Springi ya magazini sasa. Kulala ikiwa imebanwa hakuiui springi nzuri. Kinachochosha springi ni kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kwa hiyo tena ni Raskazone inayoumia kuliko Muheza, kinyume na watu wanavodhani. Springi za bei ya chini ndo zinalegea kwa kulala. Namna ya kujua: toa springi (kwa uangalifu, kofia na kile kizibo vikitoka vinaruka, uso wako usiwe mbele yake), iweke sambamba na bomba lake. Inatakiwa iwe ndefu kuliko bomba kwa kiasi cha kuonekana bila kubishana. Ikilingana na bomba imekwisha. Ila kitu kingine kinachoumia kwa kulala ni risasi ya plastiki, inabanwa na wenzake joto la stoo linailegeza, inavimba kidogo mwilini. Ndio maana risasi zizungushwe nafasi, na kila baada ya muda zile za kazini ziende zikapigwe shabaha, mpya ziingie. Risasi ya shotigani sio urithi.

Hapa ndo kwenye kiini cha matatizo yako, makabidhiano. Nakuelewa kwamba lazima muhesabu, silaha na risasi ni kitu cha kuhesabiwa kila shifti na mimi siwezi kukwambia uache. Nachokwambia ni kwamba huhitaji kuzipitisha chemba ili kuzihesabu. Kwanza inazila, pili ni hatari, maana kila risasi inayopita chemba ni nafasi ya mtu aliyechoka kugusa triga, na ajali ya lindoni inaweza kutokea saa ya kubadilishana shifti, sio saa ya wezi tu.

Fanyeni hivi. Mtutu kwenye ndoo ya mchanga au ukuta wa magunia ya mchanga, sefti imewekwa, kidole nje. Bonyeza kitufe cha kuachia mpini, kwa 870 kipo mbele ya kizingiti cha triga upande wa kushoto, kwa Mossberg kipo nyuma yake, upande huohuo. Vuta mpini kidogo tu, robo ya safari, uone chemba na uiguse kwa kidole. Robo haiachii risasi kutoka bombani, kumbuka nilisema inaachia mwisho kabisa. Chemba ikiwa tupu, funga. Geuza bunduki tumbo juu mtutu ukibaki palepale, kwa 870 sukuma kile kisahani ndani kwa kidole, kisha bonyeza kizuizi kilichoshika risasi mdomoni mwa bomba, zinateleza nje moja moja mkononi. Hesabu, saini, mpokeaji azirudishe bombani kwa mkono wake. Hakuna risasi iliyoguswa na kulabu. Mkifanya hivo zile koki 3,650 zinakuwa karibu sifuri, na bunduki itakaa miaka.

Na chemba ibaki tupu muda wote wa lindo. Kuna watu wanabisha hapa, wanasema sefti ipo. Mwanangu, sefti ya hizi pampu nyingi inazuia triga tu, haizuii pini wala nyundo. Bunduki yenye risasi chemba ikianguka kwenye sakafu ya saruji sefti haikuhakikishii chochote. Risasi nne au tano bombani, chemba tupu, na nyundo iwe imeshushwa kabla ya kujaza bomba, yaani umehakikisha ni tupu kabisa, ukaelekeza mchangani, ukabonyeza triga, ndo ukajaza. Hapo mpini haujafungwa, mlinzi akihitaji anakoki moja kwa moja bila kutafuta kitufe gizani. Ndio maana pia walinzi wengine wanalalamika "imekwama haifunguki", kumbe nyundo imekokiwa na boliti imefunga kama inavyotakiwa, hajabonyeza kitufe, au amebonyeza huku ameshavuta mpini kwa nguvu na kitufe kimebanwa. Alegeze mkono kwanza, abonyeze, ndo avute.

Kuhusu chumvi nikueleze vizuri maana hii haina likizo. Ya Raskazone ifutwe kila siku asubuhi na kitambaa chenye oili nyepesi, nje yote, na mara moja kwa wiki ifunguliwe, chemba na boliti na bomba la magazini kwa nje pale mpini unapotelezea. Oili ya bunduki ni nzuri, ukikosa oili ya cherehani inafanya kazi. Mafuta ya nazi hapana, najua Tanga tunayo na yananukia, ila yanaganda yanakuwa gundi ndani ya boliti. Dizeli hapana, haizuii chumvi. Zile spreya za kulegeza nati ni za kulegeza nati, zikikauka zinaacha utando. Na oili iwe kidogo, njia ya pini ya kugonga iwe kavu kabisa, na risasi zisiguswe na oili maana ikipenya kwenye kiwashio inalala, siku ya kazi inasema tik.

Ikisema tik, kwa njia, mtutu ubaki mbele sehemu salama, hesabu angalau sekunde 30 ndo ufungue. Zipo zinazochelewa kuwaka.

Bunduki isilale ndani ya mfuko wake wa turubai au ngozi. Mfuko unakunywa unyevu unaubana kwenye chuma, nimetoa bunduki mfukoni baada ya masika ina alama za kutu zenye ramani ya mshono. Kabati la chuma lililofungwa ukutani, ndani weka vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, vibadilisheni. Ikinyeshewa na maji ya bahari, mfano kwenye boti, ioshwe kwa maji baridi ya bomba ikiwa imefunguliwa, ikaushwe kabisa, ipakwe oili siku hiyohiyo. Kama kampuni ina pesa, zipo pampu zilizopakwa koti la kuzuia kutu kwa ajili ya baharini, Mossberg wana Mariner na Remington walikuwa na Marine Magnum, rangi yake ya fedha. Nazo zinashika kutu kwenye springi na vipande vya ndani ukizizembea, ila nje zinavumilia sana.

Kitu kimoja cha Muheza ili na wao wasijione wamepona. Huko mashambani nyigu wa udongo wanapenda tundu la mtutu, wanajenga ndani kwa muda mfupi, mlinzi hajui. Mtutu ulioziba ukipigwa unapasuka, na hiyo ndo njia ya uhakika ya kuua bunduki ambayo ingedumu miaka hamsini, na kuumiza mkono wa aliyeishika. Kila asubuhi mtutu uangaliwe kwa tochi bunduki ikiwa wazi na tupu. Wasizibe mdomo kwa kitambaa kuzuia nyigu, atasahau mtu. Na shabaha mtu akipiga ikalia kivivu, "pufu", asikoki ya pili, wafungue wachungulie mtutu kwanza, kizibo cha plastiki cha ndani ya risasi kinaweza kuwa kimebaki humo.

Urefu wa risasi pia, soma kwenye mtutu, umeandikwa 70 au 76 kwa milimita, au 2¾ na 3 kwa inchi. Ya 70 inaingia kwa zote mbili, ya 76 isiingie kwenye chemba ya 70 hata kama inaonekana inatosha. Na kama stoo mna ile Greener kuukuu ya risasi moja, nyingine zina chemba fupi zaidi, zisishiriki boksi la risasi na pampu mpaka mmesoma chemba yake.

Kwa hiyo nenda shabaha na bunduki zote mbili siku moja, chukua boksi moja la risasi mpya ambazo hazijawahi kuingia lindoni. Piga kumi kwa ya Raskazone kabla hujaigusa chemba, mpigaji awe yule anaekoki vizuri wa Muheza. Ganda likitoka lote kumi ujue ulikuwa ni mkono na risasi kuukuu, hakuna spea ya kununua upande huo. Likibaki hata moja, safisha chemba nilivyoeleza, piga kumi nyingine. Likibaki tena, nunua kulabu na springi. Vizuizi vya risasi wewe badilisha au vipeleke kwa fundi bila kusubiri jaribio, ile ya risasi mbili haiponi kwa kusafisha peke yake kwa bunduki iliyokokiwa kiasi hicho. Maganda yatakayobaki ndani yatunze, usiyatupe, nipigie picha ya ukingo wa kitako chake kwa karibu: ukiwa umechanika sehemu moja ilipokaa kulabu, chemba ndo inabana, na ukiwa mzima hauna hata alama, kulabu ndo haishiki.